Likizo ya Juni na Kitabu cha Kuchagua Mwenyewe
(Maktaba na Vijana wa Magharibi: Sehemu ya Tatu)

Shule zikifungwa mwezi Juni, Tabora iko katika majira yake mazuri. Mvua zimekwisha, barabara za udongo zinapitika, karanga zimeng'olewa, na viazi vitamu vinakatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe. Mtoto wa Ng'ambo, mojawapo ya kata za mji huu, ana shughuli tele katika wiki hizo: kuchota maji, kumwangalia mdogo wake, kumsaidia mama gengeni, madrasa asubuhi, mpira jioni. Anachokosa ni kitu cha kusoma. Vitabu vya shule vimefungiwa kabatini visipotee, na nyumbani, ukiondoa msahafu au Biblia na madaftari yake mwenyewe, mara nyingi hakuna ukurasa mwingine wenye maandishi.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuatilia jinsi huduma ya maktaba ilivyopata sheria yake mwaka 1963, jinsi Mwalimu Nyerere alivyofungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na jinsi sheria ya 1975 ilivyoipa nguvu Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo leo ina maktaba za mikoa, Tabora ikiwemo. Safari hii nataka kueleza jambo moja ambalo maktaba ya mkoa inaweza kulifanya kwa gharama ndogo likaleta faida kubwa, nalo ni usomaji wa likizo. Lina masharti mawili: kitabu kiwe karibu na mtoto, na mtoto akichague mwenyewe. Yakikosekana hayo, programu haifiki mbali, hata iwe na mabango mazuri namna gani.

Kwanza tuielewe hasara ya likizo tupu. Kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu kusoma bado ni kazi ya kukokota. Anatambua herufi, anaunganisha silabi, na akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Kinachomvusha hapo ni wingi wa kurasa. Akisoma sana, macho yanazoea maneno, kasi inaongezeka, na akili inapata nafasi ya kufuata maana. Akikaa mwezi mzima bila kusoma, anayekokota ndiye anayerudi nyuma zaidi. Aliyekwisha kukomaa hupoteza kidogo tu. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani kwao, zilionyesha kwamba takriban watatu tu kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu hapo umewekwa mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika madarasa ya chini, na Tabora na Kigoma zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa kuinua ubora wa elimu, EQUIP-T, ulioanza mwaka 2014. Juhudi hizo zote ni za darasani. Likizo imebaki haina mwenyewe.

Maktaba za Marekani zilianza kuwaita watoto wasome wakati wa likizo tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kupima kama jambo hilo lina maana. Mtafiti Barbara Heyns aliwafuatilia karibu wanafunzi 3,000 wa madarasa ya sita na saba katika mji wa Atlanta, akachapisha matokeo mwaka 1978. Alipima walichojua shule zilipofungwa na walichojua zilipofunguliwa. Akaona kwamba pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wasio nacho hupanuka zaidi katika likizo kuliko katika muhula. Akaona pia kwamba, kati ya taasisi zote za umma, maktaba ndiyo iliyohusiana zaidi na maendeleo ya watoto katika miezi hiyo, kuliko hata masomo ya ziada. Waliosoma angalau vitabu sita waliwazidi wenzao. Huenda ndiyo sababu changamoto ya usomaji inayoendeshwa na maktaba za Uingereza tangu 1999 ikawataka watoto wasome vitabu sita.

Lipo na tokeo lingine katika utafiti ule, nalo linaihusu Ng'ambo moja kwa moja: kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na maktaba, ndivyo mtoto alivyoitumia kidogo. Kwa mtu mzima mwenye baiskeli, kutoka Ng'ambo kwenda mjini ni hatua chache. Kwa msichana wa miaka tisa aliyebeba mdogo mgongoni, na anayetakiwa arudi kabla maji ya bomba hayajakatika, ni safari. Tukisubiri aje, tutawapata wale wale ambao wazazi wao wana vitabu nyumbani.

Tabora inajua namna ya kuushinda umbali. Njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, iliendeshwa kwa vituo na kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na miongoni mwa mizigo yao yalikuwamo maandishi. Barua za Livingstone zilirundikana Unyanyembe, hapa hapa Tabora, kabla Stanley hajampelekea Ujiji mwaka 1871, na mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, miezi kadhaa, hadi tarehe 25 Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi aliwatumia waandishi kuandika barua kwa Kiswahili na kuzituma kwa wamisionari na kwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ikachukua kazi ya mabega. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ilipoanza kuwahudumia wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa mbali na miji mikubwa, ilituma masanduku ya vitabu kwenye vituo vidogo, na wasomaji wengine wakaazima kwa posta. Sanduku likishasomwa linarudi, linakuja jingine. Utaratibu huo haukuhitaji jengo. Ulihitaji sanduku imara, orodha ya vitabu, na mtu mmoja mwaminifu wa kulitunza.

Nashauri turudi hapo. Maktaba ya mkoa iandae masanduku ya vitabu kama 40 kila moja, na mwezi Juni yasambazwe Ng'ambo, Isevya, Kiloleni, Chemchem na kata nyingine: moja kwenye ofisi ya mtaa, moja kwenye madrasa, moja kwenye ukumbi wa kanisa. Kila baada ya wiki yabadilishane, ili mtoto wa Ng'ambo apate kugusa vitabu 160 katika wiki nne bila kuvuka mji. Daftari la kuazima liandikwe jina la mtoto, la mzazi, na la mjumbe wa nyumba kumi. Wakutubi wetu, ambao wengi wamesomea ukutubi Bagamoyo, mwanzo kabisa wa njia ile ya misafara, wanajua kutunza kumbukumbu hizo vizuri kuliko mimi. Naomba tu wasiwe na hofu kubwa mno ya kupoteza. Vitabu vichache vitapotea na vingine vitachanika. Ni afadhali hivyo kuliko kitabu kukaa miaka kumi ndani ya kioo kikiwa kipya.

Sharti la pili ni gumu zaidi kukubalika kwetu walimu na wazazi. Tunapenda kumpa mtoto kitabu tunachoona kinamfaa. Richard Allington na Anne McGill-Franzen, walioongoza utafiti katika shule za watoto maskini huko Florida na kutoa matokeo mwaka 2010, walifanya kinyume. Waliwaachia watoto wajichagulie vitabu 12 vya kuchukua nyumbani kila likizo ya kiangazi kwa miaka mitatu. Wengi walichagua habari za waimbaji na waigizaji, vitabu ambavyo mwalimu angevipita bila kugeuza shingo. Hata hivyo watoto hao walipata alama bora za kusoma kuliko wenzao wasiopewa vitabu, na waliofaidika zaidi walikuwa wale maskini kabisa.

Mvulana wa Tabora akiachiwa achague, huenda akataka habari za mwanasoka Mbwana Samatta, na mwenzake akataka katuni. Waachieni. Atakayemaliza kitabu cha mpira kwa raha yake atarudi kutafuta kingine, na mara ya tatu au ya nne mkono wake utaangukia Abunuwasi au hadithi za Alfu Lela Ulela. Kazi ya mkutubi ni kuhakikisha kwamba hivyo vingine vimo sandukuni na viko juu juu, vinaonekana.

Na asipewe mtihani. Nimeona programu nzuri zikifa kwa sababu mtoto alitakiwa ajaze karatasi ya maswali kumi kwa kila kitabu. Likizo tayari imeliwa na tuisheni, hasa kwa darasa la saba wanaosubiri mtihani wa Septemba na kidato cha nne wanaosubiri wa Novemba. Maktaba ikija na maswali mengine, mtoto ataihesabu kuwa shule ya pili. Kadi yenye nafasi sita za kugongwa mhuri inatosha, na akitaka kusimulia alichosoma, awepo mtu wa kumsikiliza.

Kuhusu kusimulia, Tabora haihitaji kufundishwa. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika habari za iwanza, nyumba za mazungumzo zilizokuwa katika vijiji vya Unyamwezi, ambamo wanaume walikaa siku nzima, na wanawake walikuwa na yao. Katika vyuo vya Kurani vya Ng'ambo watoto husoma kwa sauti, kwa pamoja, mkubwa akimsahihisha mdogo. Basi saa ya usomaji ya maktaba ifuate mtindo huo unaojulikana: kijana wa sekondari, awe wa Milambo, wa Kazima au wa Tabora Wasichana, aketi na wadogo kumi mkekani, asome kwa sauti, asimame mahali pa mashaka, awaulize wanadhani nini kitafuata. Mdogo anafaidika kwa kusikia sentensi ikitiririka bila kukwama. Mkubwa anafaidika zaidi, kwa sababu kusoma mbele ya wadogo kunamlazimu kuielewa sentensi kabla ya kuitamka.

Saa zenyewe zipangwe na wanaoujua mtaa. Asubuhi ni ya madrasa na kazi za nyumbani. Saa nane hadi saa kumi alasiri, vyombo vikishaoshwa, ndipo wasichana wanapopumua. Alhamisi na Ijumaa vyuo vingi vya Kurani hupumzika. Mdogo aliyebebwa mgongoni aruhusiwe kuingia pia, maana akikataliwa yeye, dada yake naye amekataliwa. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge mambo ni tofauti: Juni bado ni msimu wa kuchambua na kuuza tumbaku, na watoto wako ghalani na wazazi wao. Huko sanduku likae kwenye chama cha msingi, mahali ambapo familia nzima hufika.

Vijana wakubwa tusiwasahau kwa kuwaachia kazi ya kusoma kwa wadogo peke yake. Wao wanataka kujua walipotoka. Wapewe kitabu cha J. B. Kabeya kuhusu Mtemi Mirambo, kilichotolewa mwaka 1966, na maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, ambaye baba yake alikaa Tabora akaoa katika ukoo wa Mtemi Fundikira. Wavisome vyote viwili, wabishane. Mmoja alikuwa mtemi aliyeifunga njia ya misafara, mwingine tajiri wa pembe na watumwa aliyeitumia njia hiyo hiyo, na kijana mwenye miaka 16 ana uwezo wa kupima maneno ya kila upande. Kisha wapelekwe Kwihara kwa miguu, wakaone tembe ya Livingstone wakiwa wameshasoma habari zake. Wakirudi, kila mmoja akae na bibi au babu, aandike hadithi moja au kumbukumbu moja, ishonwe kwa uzi iwe kitabu cha kurasa nane, kipewe namba na kuwekwa kwenye rafu ya maktaba ya mkoa.

Mji huu umewahi kuwa na mashine za kuchapa. Kiwanda cha uchapaji cha wamisionari wa Kikatoliki, TMP (Tanganyika Mission Press), kilitoa hapa Tabora vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima, na gazeti la Kiongozi lilianzia hapa mwaka 1950. Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Kwa hiyo ninaposema kijana wa Ng'ambo aandike kitabu, simwombei jambo geni katika mji wake.

Wako pia watoto wasioona, wakiwemo wa Shule ya Furaha hapa mjini. Wakati wa likizo wengi hurudi vijijini, ambako hakuna hata kijitabu kimoja cha nukta nundu. Vitabu hivyo ni vikubwa na vizito, lakini kwa kuwa watoto wanaovihitaji wanajulikana kwa majina, maktaba na shule zinaweza kumwandalia kila mmoja mzigo wake kabla hajapanda basi.

Tarehe za likizo zinajulikana mapema, kwa hiyo kazi ianze Machi: kuhesabu vitabu vya watoto vilivyopo, kumpata fundi seremala wa masanduku, kuzungumza na maimamu, wachungaji na wenyeviti wa mitaa. Halmashauri ya Manispaa ikiweka fungu dogo, liende kwanza kwenye vitabu vipya vya hadithi, kisha kwenye nauli ya vijana wasomaji. Zawadi na fulana zingoje. Julai, shule zikifunguliwa, mkutubi alete takwimu mbili kwenye kikao cha kata: watoto wangapi waliazima zaidi ya mara moja, na wangapi kati yao hawakuwahi kuingia maktaba kabla ya Juni. Hiyo ya pili ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Itaendelea wiki ijayo: likizo ya Desemba, mvua na msimu wa kilimo.