Waya wa Gemu na Fedha ya Mbolea

Runinga bapa imekwisha ingia katika nyumba nyingi, na nyuma yake imeingia mashine ya gemu ya watoto. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mollo, Sumbawanga. Baba ameuza mahindi, runinga imenunuliwa, na watoto wameunganisha PlayStation 2 waliyorithi kwa kaka yao mkubwa. Picha inatoka, lakini majina migongoni mwa wachezaji hayasomeki, na nyasi za uwanja zimekuwa kama uji wa kijani. Watoto wanasema runinga ni mbovu. Muuza duka anasema dawa ni waya wenye vichwa vya dhahabu. Fedha iliyosalia mfukoni ni ya mbolea.

Kabla hajaitoa, baba huyo atazame kwanza nyuma ya runinga.

Katika ule waya wa vichwa vitatu, cha njano peke yake ndicho kinachobeba picha. Chekundu na cheupe ni vya sauti. Mwanga na rangi zote husukumwa katika njia moja nyembamba, kisha runinga hulazimika kuzitenganisha upya, na kitu hupotea. Katika runinga za kioo kizito tulizozizoea Bara tangu vituo vya kwanza vilipoanza mwaka 1994, kasoro hiyo haikuonekana sana. Runinga bapa yenye nukta 1,920 kwa 1,080 huianika hadharani.

Mashine hiyo, iliyotoka mwaka 2000, haina tundu la HDMI. Lakini upo waya wake wa vichwa vitano: kijani, buluu na chekundu kwa picha, na viwili vya sauti. Huo ndio wa kununua, iwapo runinga ina matundu yake. Kisha ingia katika mipangilio ya mashine uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. La sivyo rangi zitakuwa za ajabu na waya utalaumiwa bure. Kisanduku cha kugeuza njano kuwa HDMI hakirudishi kilichokwisha potea njiani.

Wa kuonewa huruma hasa ni wenye PlayStation 3, ya mwaka 2006. Tundu la HDMI wanalo, lakini wengine hukaa miaka na waya wa njano kwa kuwa ndio uliokuwamo katika boksi!

Na ile dhahabu? HDMI hupitisha picha kwa tarakimu. Waya ukiwa mbovu, picha hukatika au hutapakaa vinukta vinavyometameta. Haufifishi rangi kidogo kidogo. Kwa hiyo waya wa kawaida wa mita moja au mbili, usiokatakata, hutoa picha ile ile ya waya wa bei ya gunia. Mwenye PlayStation 5 ya mwaka 2020 na runinga ya 4K inayoonyesha picha 120 kwa sekunde ndiye anayehitaji waya wenye alama ya Ultra High Speed, nao huja pamoja na mashine.

Limebaki lalamiko moja la watoto: wakibonyeza, mchezaji hupiga mpira kwa kuchelewa. Mara nyingi kosa si la waya. Runinga huchelewa ikiipamba picha kabla ya kuionyesha. Tafuta katika mipangilio yake neno "Game", uliwashe. Hilo halina bei.