Ada Siyo Gharama Yote: Mtoto Anapokwenda Kusomea Uuguzi



Mwezi wa nne mwaka jana mama mmoja alikuja ofisini kwangu hapa Babati mjini. Mama huyu ni mhitimu wa kisomo. Analima mahindi na mbaazi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikaa, akaifungua juu ya meza, akaniambia, "Mwalimu, ada nilishalipa. Sasa hii ni nini tena?"

Binti yake anasomea uuguzi katika chuo kimoja cha mkoa mwingine. Mwezi wa kumi mama aliuza dume la ng'ombe, akalipa ada, akamsindikiza binti stendi. Aliporudi nyumbani alijua kazi imekwisha mpaka mwaka ujao. Lakini karatasi ilisema kwamba wanafunzi wanakwenda hospitali ya wilaya kwa wiki sita kujifunza kwa vitendo. Kila mwanafunzi ajitafutie chumba, chakula na nauli. Asiyekamilisha vitendo hafanyi mtihani.

Mwezi wa nne, ndugu zangu. Nani kati yetu ana fedha mwezi wa nne? Mahindi bado yako shambani. Mbaazi ndiyo kwanza zinakua. Ghalani ni chakula cha watoto tu.

Nimeandika habari hii kwa sababu mama yule si peke yake. Wazazi wengi wanajiandaa kwa ada, kisha wanaanguka kwenye mambo madogo yanayokuja nyuma ya ada. Tena yanakuja wakati mbaya.

Tumezoea vingine. Wazee wetu waliosomea uuguzi miaka ya 1970 walisomeshwa na Serikali. Tangu mwaka 2016 watoto wetu wanasoma shule za msingi na sekondari za Serikali, mpaka kidato cha nne, bila ada. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ilifutwa. Kwa hiyo mzazi anaweza kudhani chuo nacho ni hivyo hivyo. Sivyo. Stashahada ya uuguzi ni miaka 3, na ada inalipwa kila mwaka.

Ukitaka kujua ada, kipo kitabu cha mwongozo wa udahili cha Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Kijana mwenye simu anaweza kukufungulia. Humo utaona vyuo vilivyosajiliwa, na ada ya masomo ya kila chuo. Lakini kitabu hakikuambii bei ya godoro. Hakikuambii nauli.

Mambo hayo yamo katika karatasi nyingine, ile maelekezo ya kujiunga na chuo. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Usione aibu. Mpelekee mwalimu wa shule ya kijiji, akusomee mstari kwa mstari, nawe andika kwa Kiswahili kwenye daftari lako. Kalamu unaijua sasa.

Utakuta nini humo? Utakuta sare za kazi na viatu vya kufungwa. Utakuta saa yenye mshale wa sekunde. Hii saa siyo urembo: muuguzi anashika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo ya moyo yanayopita kwa dakika moja, na bila mshale huo hawezi kuhesabu sawasawa. Kuna kipimajoto, mashine ya kupimia presha, glavu, rimu za karatasi. Kuna godoro, chandarua, ndoo, hata jembe na fyekeo. Kuna fomu ya kupimwa afya, na hospitali haipimi bure. Kuna bima ya afya. Kwa miaka mingi kadi ya mwanafunzi ilikuwa Sh. 50,400 kwa mwaka. Michango ya mitihani nayo husimama peke yake, nje ya ada.

Chanjo ya homa ya ini usiipite. Muuguzi anashika damu na sindano kila siku, na homa ya ini aina ya B inaambukizwa kwa damu. Chanjo yake huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita. Uliza kama chuo kinaitoa au mnajilipia.

Sasa turudi kwenye vitendo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme chumba ni Sh. 30,000 kwa mwezi, na wiki sita zinagusa miezi miwili: Sh. 60,000. Chakula Sh. 4,000 kwa siku, kwa siku 42: Sh. 168,000. Nauli ya kwenda na kurudi Sh. 50,000. Jumla ni Sh. 278,000. Kama gunia la mahindi ni Sh. 70,000, hayo ni karibu magunia manne. Na mwanafunzi haendi kwenye vitendo mara moja tu katika miaka mitatu.

Tena jihadhari na kutuma hela kidogo kidogo kwa simu. Ukituma Sh. 10,000 mara tano, makato kwa kawaida yanazidi ya kutuma Sh. 50,000 mara moja.

Wengine wataniuliza habari ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023, lakini kwa kozi zilizochaguliwa, si zote za afya. Kwa hiyo kabla ya kutegemea mkopo, hakikisha jina la kozi ya mtoto wako limo katika orodha ya mwaka huo.

Wala usitegemee zao moja. Sisi wa Babati tunakumbuka mwaka 2017, India ilipozuia sehemu kubwa ya mbaazi kutoka nje. Bei ilianguka, na mbaazi zilikaa ndani. Mwenye mtoto chuoni mwaka ule anajua nisemalo.

Na mwisho wa masomo pana gharama nyingine. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usajili una malipo yake. Cheti bila leseni hakikupi kazi wodini.

Kama mtoto bado hajachagua, angalieni vyuo vya karibu kwanza. Mkoani kwetu Manyara kuna mafunzo ya uuguzi Dareda na Haydom. Nauli pekee inaweza kubadilisha hesabu yote.

Yule mama alikopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Binti alifika hospitali wiki mbili baada ya wenzake, akazifidia siku hizo wakati wa likizo. Mtihani alifanya. Mkopo mama aliumaliza mwezi wa tisa, baada ya kuuza mbaazi.

Juzi nilipita kwake. Ukutani, kando ya mlango, amebandika karatasi yenye miezi kumi na miwili kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwezi wa tatu ameandika: "Uza mbuzi wawili. Chumba na chakula." Mwezi wa kumi: "Ada."