Je, Wajua? Barua Inayofungua Kabati la Siri

Mtu wa Lwiro anaweza kuiandikia CIA
Naam, kabisa! Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ya kuomba nyaraka za serikali haimuulizi mwombaji uraia wake. Mwalimu wa Lwiro, kule kaskazini mwa Bukavu, ana haki ya kuomba faili la Washington sawasawa na mkazi wa Chicago. Ofisi hupewa siku 20 za kazi kumjibu, na mara nyingi hupitiliza.

Kupitiliza kwenyewe ni hivi
Mwaka 1992, watafiti wa National Security Archive, taasisi isiyo ya serikali, waliliomba jalada la siri ambalo ndani ya CIA liliitwa “Vito vya Familia”. Walilipata Juni 2007. Mtoto aliyezaliwa siku ya ombi alikuwa keshaingia sekondari! Kati ya kurasa zake 702 umo waraka unaotaja mpango wa kumuua Patrice Lumumba. Kamati ya Seneti ya Marekani ilikwisha kuueleza mpango huo mwaka 1975, pamoja na sumu iliyopelekwa Léopoldville mwaka 1960. Lakini kusimuliwa ni kitu kimoja, na kuishika karatasi yenyewe ni kingine kabisa.

Jibu lisilo ndiyo wala siyo
Mwaka 1974, meli Glomar Explorer ilitumwa kwa siri na CIA kuopoa nyambizi ya Kisovieti kutoka chini ya Pasifiki. Mwandishi wa habari alipoomba nyaraka kuhusu CIA ilivyojaribu kuzizima habari hizo, alijibiwa kwamba haikiriwi wala haikanushwi kama nyaraka zipo. Hadi leo jibu la aina hiyo huitwa “Glomar”.

Saa 48 tu
Nchini Kenya, sheria ya 2016 ya haki ya kupata habari inaipa ofisi siku 21 kujibu, ila uhai au uhuru wa mtu ukiwa hatarini, saa 48. Kwa nguvu ya haki hiyo, Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru serikali itoe mikataba ya reli ya SGR.

Na kwetu Kivu?
Ibara ya 24 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, yenye matukio 617 ya ukatili nchini Kongo ya miaka 1993 hadi 2003, yakiwemo mauaji ya Kasika na Makobola, inasomwa na yeyote bila kuomba. Orodha ya majina ya watuhumiwa bado imefungiwa Geneva.