Soma Kibandiko Kabla ya Kuchomeka

Geuza pasi, birika au jiko lolote la umeme utazame kibandiko chake. Utakuta tarakimu chache zenye herufi pembeni: V, A, W. Wengi hatuzisomi, na ndiyo sababu kifaa kizima kabisa huungua siku ile ile kilipofika nyumbani.

V ni volti, kipimo cha msukumo unaousukuma umeme kwenye waya. Msukumo huo upo kwenye soketi hata pasipo kuchomekwa kitu. Kiwango cha Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Ampea, ile A, hupima mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kila sekunde. Mkondo haupiti mpaka kifaa kiwashwe, na kiasi chake hutegemea ukinzani wa kifaa chenyewe, unaopimwa kwa omu. Gawanya volti kwa omu, upate ampea. Kanuni hiyo aliichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Kisha zidisha volti kwa ampea, upate wati: nguvu ambayo kifaa kinatumia.

Sasa chukua sufuria ya umeme ya kupikia wali, mtumba kutoka Japani. Soketi za huko zina volti 100. Tuseme kibandiko kinasema 100 V, 600 W. Maana yake ilizoea kuvuta ampea 6, na ukinzani wake ni omu 17 hivi. Ichomeke Dar es Salaam. Omu ni zile zile, lakini msukumo umezidi mara mbili na zaidi, kwa hiyo ampea zinakaribia 14. Volti zimepanda, ampea nazo zimepanda, basi wati zinaongezeka zaidi ya mara tano na kupita 3000. Koili iliyotengenezwa kuhimili 600 itaungua, na ikiwa imewekwa karibu na pazia, hatari si ya sufuria peke yake.

Hapa naomba tuelewane vizuri kuhusu adapta. Ile ndogo ya bei rahisi hubadilisha umbo la plagi tu. Volti huzipitisha kama zilivyo. Kifaa cha namna hii kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati unaozidi wati za kifaa. Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa ambavyo ndugu zetu hututumia kutoka Marekani, vya volti 120. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 100–240 V, hizo chomeka popote bila wasiwasi.

Umeme ukiwa mdogo nao una madhara. Pasi itachelewa tu kupata moto, lakini mota ya friji hujitahidi kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa kuliko kawaida na kupata joto hadi kuungua.

Na uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla? Hizo si volti wala ampea. Uniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 huimaliza kwa saa 100. Birika la wati 2000, kwa nusu saa. Anayezima taa zote ili kubana matumizi, huku hita ya maji ikiwaka kutwa nzima, ataendelea kununua uniti mara kwa mara.