Amri Moja, Majina Mangapi? Ulinganishi wa Seti za Amri za Vichakataji 8080, Z80 na 6502

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha seti za amri za vichakataji vitatu vya biti 8 vilivyotumika sana katika kompyuta ndogo za miaka ya 1970 na 1980: Intel 8080, Zilog Z80 na MOS Technology 6502. Hoja kuu ni kwamba idadi ya amri, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa kipimo cha uwezo wa kichakataji, haiwezi kulinganishwa kabla ya kuamua neno "amri" linarejelea nini: tendo, msimbo au jina. Makala yanapendekeza dhana hizo tatu zitenganishwe katika istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kichakataji hakijui neno lolote. Kinachosoma ni namba zilizohifadhiwa katika kumbukumbu, na kila namba hukielekeza kufanya tendo dogo: kuhamisha thamani, kujumlisha, kulinganisha, au kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu. Matendo hayo kwa jumla ndiyo seti ya amri. Kwa kuwa binadamu hukumbuka maneno kwa urahisi kuliko namba, watengenezaji huipa kila amri jina fupi, na majina hayo pamoja na kanuni za kuyaandika huunda lugha ya asembli. Kwa hiyo amri ina pande tatu: tendo linalofanyika, msimbo wa namba unaolianzisha, na jina analoliandika mtu.

Katika maandishi ya Kiswahili, neno "amri" hubeba pande zote tatu. Mwanafunzi anayesoma kwamba 6502 ina amri 56 ilhali Z80 ina amri 158 huhitimisha kwamba Z80 ina uwezo unaokaribia mara tatu ya mwenzake. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwa nini hitimisho hilo halina msingi.

2.0 Vichakataji Vitatu

Intel ilitoa 8080 mwaka 1974. Kichakataji hicho kina rejista saba za biti 8, yaani A, B, C, D, E, H na L, na sita kati ya hizo huweza kuunganishwa mbili mbili (BC, DE na HL) ili kubeba anwani ya biti 16. Mwaka 1976 Zilog ilitoa Z80, iliyobuniwa na Federico Faggin na Masatoshi Shima, wote wawili wakiwa wamewahi kushiriki kuibuni 8080. Z80 ilibakiza rejista zile zile, ikaongeza nakala ya pili ya rejista hizo, na kuongeza rejista mbili za faharisi, IX na IY.

Kati ya hizo mbili, mwaka 1975, ilitoka 6502. Wabunifu wake, wakiwamo Chuck Peddle na Bill Mensch, walikuwa wametoka Motorola, na waliiuza kwa dola 25, bei iliyokuwa chini mno ikilinganishwa na ya washindani wake. Ili kupunguza gharama, walipunguza rejista: A kwa hesabu, X na Y kwa faharisi. Upungufu huo ulifidiwa kwa namna nyingi za kutaja anwani. Baiti 256 za mwanzo wa kumbukumbu zilipewa nafasi ya pekee: amri inayosoma huko huchukua baiti 2 na mipigo 3 ya saa ya kichakataji, badala ya baiti 3 na mipigo 4. Kwa vitendo, eneo hilo hutumika kama akiba ya rejista.

3.0 Msimbo Mmoja, Majina Mawili

Zilog ilikusudia programu zilizoandikwa kwa ajili ya 8080 ziendeshwe na Z80 bila kubadilishwa, na kwa sehemu kubwa sana ilifanikiwa. Kati ya misimbo 256 inayowezekana katika baiti moja, 8080 ilitumia rasmi 244. Zilog iliiacha hiyo kama ilivyo, na nyongeza zake zote ikazijenga juu ya misimbo 12 iliyosalia. Ndiyo maana mfumo endeshi wa CP/M wa Gary Kildall, uliotungwa kwa misimbo ya 8080, uliendeshwa pia na mashine za Z80.

Hata hivyo, ili kuepuka mgogoro wa hakimiliki juu ya majina ya Intel, Zilog iliunda majina mapya. Msimbo 78, katika hesabu ya msingi wa 16, hunakili thamani ya rejista B kwenda A. Intel huuandika MOV A,B na Zilog huuandika LD A,B. Msimbo 3A husoma thamani kutoka anwani fulani ya kumbukumbu. Kwa Intel ni LDA, kwa Zilog ni LD tena. Kwa hakika majina kumi ya Intel, yaani MOV, MVI, LXI, LDA, STA, LDAX, STAX, LHLD, SHLD na SPHL, yote yamekuwa LD kwa Zilog. Tofauti kati yake huonyeshwa na kinachofuata jina, si jina lenyewe.

Msemaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili mezani kwake. Yeye hutofautisha mpunga, mchele na wali, ilhali lugha nyingine hutosheka na neno moja kwa vyote vitatu. Wingi wa maneno hauongezi chakula chunguni. Vivyo hivyo, anayehesabu majina ataona kwamba 8080 ina njia kumi za kuhamisha data na Z80 ina moja, ingawa Z80 hufanya yote yanayofanywa na 8080 na zaidi.

Idadi zinazonukuliwa huwa na misingi tofauti. Mwongozo wa Zilog huhesabu aina 158 za amri, zikiwamo 78 za 8080. Hiyo ni hesabu ya aina za matendo. Zile 56 za 6502 ni hesabu ya majina. Ikihesabiwa misimbo rasmi, 6502 ina 151. Jina LDA peke yake lina misimbo minane, mmoja kwa kila namna ya kutaja anwani.

4.0 Jina Moja, Maana Mbili

Kinyume chake pia hutokea. Vichakataji vyote vitatu vina biti ya hali inayoonyesha kwamba hesabu imezidi nafasi ya baiti moja. Katika kujumlisha, biti hiyo ina maana ile ile kote. Katika kutoa, maana hugeuka. 8080 ikitoa 3 katika 5, biti hubaki 0 kwa sababu hakuna kilichokopwa. 6502 ikifanya hesabu hiyo hiyo, biti huwa 1 kwa sababu hiyo hiyo. Tena 6502 haina amri ya kutoa isiyoitazama biti hii, hivyo mtunzi wa programu hulazimika kuiweka kuwa 1 kwanza. Anayehamisha programu kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa kufuata majina tu atapata jibu lisilo sahihi, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

5.0 Kazi Moja, Vipimo Vinne

Ulinganishi wenye haki huanza na kazi. Tuseme baiti 100 zinakiliwe kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Katika Z80, mistari mitatu huandaa jozi za rejista na wa nne, LDIR, hunakili zote: mistari 4, baiti 11. Katika 6502, X hutumika kama kihesabio na faharisi kwa pamoja: mistari 5, nayo pia baiti 11. 8080, isiyo na LDIR, huhitaji mistari 9 na baiti 16.

Kwa mipigo ya saa, mpangilio hubadilika. 6502 hutumia mipigo 1,401, mradi data isivuke mpaka wa kurasa za baiti 256. Z80 hutumia 2,125 na 8080 hutumia 3,927. Lakini mipigo nayo haina urefu mmoja. 6502 ya megahezi 1 humaliza kwa mikrosekunde 1,401. Z80 ya awali, ya megahezi 2.5, humaliza kwa 850, na 8080 ya megahezi 2 kwa takriban 1,964. Hivyo Z80 huongoza kwa mistari na kwa muda, 6502 huongoza kwa mipigo, na kwa baiti hizo mbili hulingana. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo ambacho kingeweza kubashiriwa kutokana na namba 56 na 158.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea mjadala wa majina: kompyuta, tarakilishi na ngamizi vimeshindaniwa kwa miaka mingi, ingawa kinachorejelewa ni kimoja. Kisa cha Intel na Zilog kinaonyesha kwamba tofauti ya aina hiyo haina madhara makubwa iwapo msimbo ulio chini yake haubadiliki. Madhara hutokana na neno moja kubebeshwa dhana zinazohesabika kwa namna tofauti.

Inapendekezwa kwamba "amri" ibaki kwa ajili ya tendo, "msimbo wa amri" utumike kwa namba inayosomwa na mashine, na "jina la amri" litumike kwa umbo linaloandikwa katika asembli. Maneno yote tayari yamo katika lugha, na hakuna linalohitaji kukopwa. Kwa utenganisho huo, kitabu cha kiada kitaweza kusema kwamba 6502 ina majina 56 na misimbo 151, na mwalimu ataweza kumuuliza mwanafunzi swali lenye jibu: kazi hii, kwa kichakataji hiki, inahitaji baiti ngapi na mipigo mingapi?