Chanjo Moja kwa Korona Zote: Mwenye Fedha Asiharakishe

Mauzo ya chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni ya Moderna ya Marekani yalishuka kutoka dola bilioni 18.4 mwaka 2022 hadi bilioni 6.7 mwaka 2023. Mahitaji yalipungua, na kwa kuwa kirusi hubadilisha miiba yake, chanjo hulazimika kurekebishwa mara kwa mara.

Wataalamu sasa wanatafuta chanjo itakayolenga sehemu za kirusi zisizobadilika upesi, ili izuie pia ndugu zake kama SARS. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la CEPI lilitenga dola milioni 200 kwa kazi hiyo.

Ikifaulu, huenda ikapunguza biashara ya chanjo za kila msimu. Anayenunua hisa asubiri matokeo ya majaribio kwa binadamu, si habari za maabara.