Afunguliwapo Mfungwa, Aende Wapi?

Watu wengi hudhani ya kuwa adhabu huisha siku lango la gereza linapofunguliwa. Sivyo. Mtu aliyehukumiwa miaka 9, akipunguziwa theluthi kwa bidii na mwenendo mwema, kama sheria ya Kenya iruhusuvyo kwa vifungo vingi, hutoka baada ya miaka 6. Katika muda huo huenda baba yake amekufa, nduguze wamegawana shamba, na mkewe amerudi kwao. Amejifunza useremala gerezani, lakini hana hata randa.

Kazi ya kumsaidia mtu wa namna hii ni ya maafisa wa probesheni. Sheria yao ilipitishwa mwaka 1943, na kazi ikaanza mwaka 1946. Hapo kwanza waliwaangalia hasa wale ambao korti haikuwapeleka gerezani; siku hizi huwashughulikia pia baadhi ya wafunguliwao. Kabla ya siku ya kutoka, afisa huenda kijijini, akaonana na jamaa, na chifu, na (jambo gumu kupita yote) wale waliodhulumiwa. Pengine hujibiwa wazi kwamba mtu huyo hatakiwi. Wala si ajabu: aliyechomewa nyumba hasahau kwa sababu hakimu amehesabu miaka.

Hapo ndipo yanapohitajiwa makao ya muda. Vijana walio chini ya amri ya korti, ambao kwao hakukaliki, wana mabweni ya probesheni, kama yale ya Shanzu na Siaya, wafundishwako kazi za mikono. Kwa watu wazima nyumba za jinsi hiyo ni chache. Si gereza wala si hoteli: mtu hupata kitanda, chakula na msimamizi wa kusema naye, hutoka asubuhi kutafuta kazi, na huku jamaa wakisemezwa polepole.

Kizuizi kingine ni cheti cha mwenendo mwema cha polisi, ambacho waajiri wengi hukitaka. Alama za vidole hulifichua kosa la zamani. Kwa hiyo cherehani au msumeno humfaa mtu kuliko barua ya sifa, kwa maana anayeagiza meza huuliza bei tu.

Jamaa wa mfungwa waweza kumwona afisa wa probesheni wa eneo lao kabla hajafunguliwa, wala wasingoje mpaka amesimama mlangoni.